Rehema Aende Fungu Lipi? Mwongozo wa kuhamisha mfumo wa seva nyingi kwenda lugha nyingine ya programu

Chukua jina Rehema. Lipe programu ya Java inayogawa kazi kwa seva tano, kisha ulipe programu hiyohiyo uliyoitafsiri mstari kwa mstari kwenda Python. Java hukokotoa namba ya jina kwa kuzidisha kwa 31 na kujumlisha herufi, moja baada ya nyingine. Kwa Rehema inapata -1850902492, kwa sababu hesabu imefurika nafasi ya biti 32 ikageuka kuwa hasi. Namba za Python hazifuriki, kwa hiyo kanuni ileile inatoa 2444064804. Sasa gawanya kwa tano utazame baki. Python inasema 4. Java inasema -2, na seva namba -2 haipo. Ukiilazimisha Python ifurike kama Java utapata 3, maana lugha hizi mbili hazikubaliani hata juu ya baki ya namba hasi. Na ukifuata kanuni ya ugawaji ya mfumo wa Hadoop, inayofuta kwanza biti ya alama ya hasi ndipo igawanye, utapata 1.

Jina moja, majibu manne. Asha na Juma hawapati shida hii, kwa kuwa majina yao ni mafupi na hesabu haifiki kufurika. Asha ni 2050251 katika lugha zote mbili. Aliyejaribu kwa Asha na Juma ameona kila kitu kiko sawa, akaenda kulala.

Nimeanza na mfano huu mdogo kwa sababu ndani yake umo ugumu wote wa kazi unayotaka kuifanya. Programu ya kompyuta moja ikikosea hesabu, angalau hukosea kwa namna moja kila mara. Mfumo wa seva nyingi husimama juu ya maafikiano: ufunguo huu uende kwa nani, baiti ipi itangulie, nani kiongozi, na kimya cha muda gani kihesabiwe kuwa kifo. Msimbo wa zamani ni namna mojawapo ya kuyaandika maafikiano hayo, na mara nyingi ndiyo namna pekee iliyopo, kwa sababu hakuna aliyeyaandika kwingine. Kazi yako ya kwanza ni kuyatoa humo na kuyaweka peupe.

Amua unahamisha nini

Kuna kuhamisha kwa namna tatu, na gharama zake hazikaribiani. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walichapisha makala kuhusu MapReduce, mfumo wa kugawa kazi kwa seva nyingi uliokuwa umeandikwa kwa C++. Msimbo wake haukutolewa. Doug Cutting na Mike Cafarella waliichukua makala wakaandika mfumo wao kwa Java ndani ya mradi wa Nutch, na mwaka 2006 sehemu hiyo ikajitenga ikaitwa Hadoop. Hao walihamisha wazo. Hadoop haikulazimika hata siku moja kuzungumza na seva za Google, kwa hiyo walikuwa huru kupanga baiti zao wapendavyo.

ScyllaDB, iliyotolewa mwaka 2015, ni jambo jingine. Hiyo ni hifadhidata ya Cassandra iliyoandikwa upya kutoka Java kwenda C++, kwa ahadi kwamba aliyekuwa akitumia Cassandra ataendelea na programu zake zilezile bila kuzibadilisha. Huku ni kuhamisha itifaki. Ahadi hiyo inakufunga kwa kila baiti inayopita kati ya mteja na seva, pamoja na makosa ya mfumo wa zamani.

Namna ya tatu ni kuhamisha msimbo wenyewe, funksheni kwa funksheni. Watengenezaji wa hifadhidata ya TiKV walifanya hivyo kwa maktaba ya Raft ya mradi wa etcd (Raft ni kanuni ya makubaliano nitakayoieleza mbele): waliitoa Go wakaipeleka Rust, na majaribio yake wakayahamisha pia. Nitairudia kazi hii baadaye kwa sababu ni ya kuigwa.

Andika kwenye ukurasa mmoja unachagua ipi, na wenzako wausaini. Timu nyingi huanza na wazo, katikati zinaahidi kwamba wateja wa zamani watafanya kazi, na mwisho zinajikuta zimebeba mzigo wa namna zote tatu kwa bajeti ya moja.

Jiulize pia kama unahitaji kuhama. Hadoop ina Streaming, inayoendesha programu ya lugha yoyote ilimradi isome mistari kutoka kwenye ingizo la kawaida na kuandika mistari kwenye tokeo la kawaida. Kama malalamiko yenu ni kwamba wachambuzi hawajui Java, mlango huo upo tayari, na hata hati ya Bash inapita. Sababu ninazozikubali za kuhama ni chache: mfumo unasimama kila mara mashine ya Java inapofagia kumbukumbu, gharama ya kumbukumbu hailipiki, au watu watakaoutunza kwa miaka kumi ijayo wanaijua lugha mpya na hawaijui ya zamani. Uzuri wa lugha peke yake hautoshi. Nawaambia hivyo hata wanaoipenda Rust kama ninavyoipenda mimi.

Maafikiano ya baiti na funguo

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine. Tazama Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe kati ya huduma. Programu ya mteja ya Java huchagua fungu (partition) la ujumbe kwa kanuni ya murmur2. Maktaba ya librdkafka, iliyoandikwa kwa C na kutumiwa na wateja wa lugha nyingine nyingi, hutumia CRC32 usipoiambia vinginevyo. Basi huduma moja ya Java na nyingine iliyojengwa juu ya librdkafka zikituma miamala ya mteja yuleyule, miamala hiyo huangukia mafungu mawili tofauti. Mpangilio unapotea: kutoa pesa kunaweza kusomwa kabla ya kuweka. Hakuna ujumbe wa kosa popote, wala seva haijaanguka. Tiba ni badiliko moja la usanidi, kuiagiza librdkafka itumie murmur2, lakini lazima kwanza ujue kwamba ugonjwa upo.

Cassandra inafundisha zaidi. Inatumia murmur3 kugawa funguo. Kanuni ya asili ilihesabu baiti kuwa namba kati ya 0 na 255. Baiti ya Java inaanzia -128 hadi 127, na waandishi wa Cassandra hawakuirekebisha tofauti hiyo kila mahali. Ufunguo wenye baiti kubwa kuliko 127 unaweza kupata jibu ambalo kanuni ya kitabuni haitoi. Kosa hilo lilipogunduliwa, data ilikuwa tayari imelala kwenye diski za watu kwa hesabu hiyo, na kulirekebisha kungemaanisha kuhamisha kila kitu. Kosa likawa sheria. ScyllaDB imelinakili kama lilivyo, na viendeshi vya Go na lugha nyingine vinavyotaka kujua data iko seva gani navyo vimelinakili.

Sasa sikiliza, wewe unayejaribu kazi yako kwa data ya nyumbani. Kiswahili cha hati ya Kilatini kinaandikwa kwa herufi zisizo na alama juu wala chini. Hata ng'ombe, pamoja na ritifaa yake, kila baiti yake iko chini ya 128. Orodha ya wateja elfu kumi wa Tanga au Kisumu inaweza kupita majaribio yote bila kuligusa kosa la Cassandra hata mara moja. Weka kwenye data yako ya majaribio majina yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo hati ya kale ya Kiswahili chenyewe. Weka Côte d'Ivoire. Weka emoji, kwa sababu njia moja ya zamani ya Java ya kuandika maandishi huipa emoji baiti sita mahali ambapo UTF-8 ya kawaida huipa nne. Weka maandishi matupu, na majina marefu yanayofurika kama Rehema na Mwanaisha. Na kwa kuwa Afrika Mashariki haisogezi saa mbele wala nyuma kwa majira, ongeza tarehe za nchi zinazofanya hivyo.

Mpangilio wa baiti ndani ya namba ni jambo jepesi kulieleza na jepesi kulisahau: njia za kawaida za Java huandika baiti kubwa kwanza, ilhali vichakato vya kompyuta zetu nyingi huweka ndogo kwanza. C++ inayonakili kumbukumbu moja kwa moja kwenda mtandaoni itatuma namba iliyopinduliwa.

Njia ya kuyashika yote haya ni moja. Uache mfumo wa zamani, ukiwa hai, uandike faili la ushahidi: mstari mmoja kwa kila ingizo, pamoja na namba yake, fungu lake, na baiti zake kamili kama zinavyotoka kwenye waya. Usiliandike faili hilo kwa kusoma nyaraka. Nyaraka na programu zikitofautiana, programu ndiyo iliyoweka data kwenye diski, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho. Msimbo mpya usipolipita faili hilo lote, hauunganishwi na mwingine.

Kiini kisichojua mtandao

Raft ni kanuni inayowezesha seva kadhaa kukubaliana juu ya daftari moja la matukio. Diego Ongaro na John Ousterhout waliitoa mwaka 2014 wakiwa na lengo la wazi kwamba ieleweke. Seva humchagua kiongozi kwa muhula, kiongozi huandika, wafuasi hunakili, na jambo huhesabiwa limepita likiwa limeandikwa na walio wengi. Seva tano zinavumilia kufa kwa mbili.

Maktaba ya Raft ya etcd ina sifa iliyowarahisishia kazi watu wa TiKV: haigusi mtandao, haigusi diski, haitazami saa. Unaipa ujumbe uliofika, au unaiambia kwamba pigo moja la muda limepita, nayo inakurudishia orodha: hifadhi hivi, tuma hivi, tekeleza hivi. Kiini cha namna hiyo kinahamishika. Unaweza kukijaribu kwa kuipa kila seva barua zake kwa mpangilio wowote unaotaka, kupoteza nyingine, kurudia nyingine, na kupata matokeo yaleyale kila ukirudia.

Kama mfumo wako haujajengwa hivyo, na mingi haijajengwa hivyo, utenganishe kwanza ukiwa bado kwenye lugha ya zamani. Najua inauma kufanyia ukarabati nyumba unayotaka kuihama. Lakini hapo ndipo ulipo na majaribio yanayofanya kazi, na watu wanaoujua msimbo, na mfumo unaoweza kulinganisha nao jioni hiyohiyo. Ukibadilisha umbo na lugha kwa wakati mmoja, kosa likitokea hutajua ulaumu kipi.

Kisha hamisha majaribio kabla ya msimbo.

Kuna mahali pamoja katika Raft ambapo lugha mpya inaweza kukuumiza kimya kimya. Seva lazima iweke muhula na kura yake kwenye diski kabla ya kuijibu seva iliyoomba kura. Kuandika kwenye faili na kuhakikisha maandishi yamefika kwenye diski ni matendo mawili, katika Java, Go, Rust na C++ vilevile, na majina ya hatua hizo hutofautiana kiasi cha kumpoteza mgeni. Ukituma jibu mapema, umeme ukakatika, seva ikiwaka itakuwa imesahau ilimpigia nani, nayo itapiga kura ya pili katika muhula uleule. Hapo mnaweza kupata viongozi wawili. Lijaribu hili kwa kuchomoa waya wa umeme wa mashine halisi, mara nyingi, wakati kazi inaendelea. Kuizima kwa amri ya kistaarabu hakutakuonyesha kitu.

Nyuzi, saa na makosa

Usitafsiri nyuzi. Mfumo wa Java huwa na mabwawa ya nyuzi na kufuli nyingi, na anayehamia Rust akifuata umbo hilo hujikuta amefunga kila kitu kwa kufuli mpaka kompaila inyamaze. Programu inapita, inatembea polepole kuliko ile ya zamani. ScyllaDB iliacha umbo la Cassandra kabisa: kila kiini cha kichakato kina sehemu yake ya data na hakuna kingine kinachoigusa. Kwa Go, endesha majaribio yote ukiwa umewasha kigunduzi cha migongano ya data ambacho huja na lugha yenyewe. Kwa Erlang kila mchakato una kumbukumbu yake, kwa hiyo miundo mliyokuwa mkishirikiana itabidi muifikirie upya kama barua.

Kuhusu saa, kumbuka usiku wa kuamkia Januari 1, 2017. Iliongezwa sekunde moja kwenye saa ya dunia, na ilipogonga saa sita usiku kwa UTC, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa, sehemu ya huduma ya DNS ya Cloudflare ilianguka. Msimbo wake wa Go ulipima muda kwa kutoa saa ya mwanzo kutoka saa ya mwisho, na waandishi waliamini jibu haliwezi kuwa hasi. Likawa hasi, likapelekwa kwenye funksheni ya namba za bahati nasibu isiyokubali hasi. Wakati huo Go haikuwa ikiwapa watu saa isiyorudi nyuma kwa njia ya kawaida. Iliingizwa katika toleo la 1.9 mwaka huohuo. Pitia kila mahali mfumo wa zamani unapopima muda na uulize lugha mpya inatoa saa ya aina gani. Ya ukutani inaweza kurudi nyuma. Ya kupimia muda hairudi.

Muda wa kusubiri nao uupime upya. Mfumo wa Java huenda umepewa sekunde nyingi kabla ya kumtangaza mwenzake kuwa amekufa, kwa sababu mwenzake anaweza kuwa amesimama kufagia kumbukumbu. Ukihamia C++ au Rust usimamaji huo unaondoka, na kusubiri sekunde kumi kunakuwa kupoteza sekunde tisa. Lakini wakati seva za zamani bado ziko kwenye kundi, usipunguze. Utawazika wazima.

Makosa ndiyo sehemu ninayowasihi watu waipe heshima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichambua hitilafu 198 za Cassandra, HBase, HDFS, MapReduce ya Hadoop na Redis. Katika zile zilizoangusha mfumo mzima, asilimia 92 zilitokana na kushughulikia vibaya makosa ambayo programu ilikuwa imeyaripoti yenyewe. Baadhi ya vipande vya msimbo vya kushughulikia makosa vilikuwa vitupu, vingine viliandika tu ujumbe na kuendelea, vingine vilikuwa na maelezo kwamba kazi itamaliziwa baadaye. Na hapo ndipo wahamishaji hukimbia. Java hurusha kosa juu mpaka likutane na anayelidaka; Go hukupa kosa mkononi pamoja na jibu, na ni rahisi kulitupa; Rust hukulazimisha ulitazame, ila inakuachia neno moja fupi la kuiua programu nzima. Hakuna tafsiri ya moja kwa moja kati ya hizo. Chukua kila mahali mfumo wa zamani unapodaka kosa, uliza kwa nini, na uandike jaribio linalolitokeza. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu hitilafu zote hujitokeza kwa seva zisizozidi tatu. Kompyuta mpakato moja, yenye programu tatu zinazozungumza, inakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii.

Usisafirishe kile lugha isichoweza kubeba

Spark, mfumo wa kuchakata data kwa seva nyingi, huchukua funksheni uliyoandika, huifunga pamoja na data inayoizunguka, na kuituma ikaendeshwe kwenye seva nyingine. Java na Scala zinaweza kufanya hivyo kwa sababu msimbo wao ni baiti zinazoeleweka na mashine moja ya kufikirika. Python inaweza kwa msaada wa maktaba. Go na Rust, zinazogeuza msimbo kuwa amri za kichakato moja kwa moja, hazina njia ya kawaida ya kulifanya hilo. Nimeona watu wakipoteza miezi wakijaribu kuilazimisha. Ballista, mfumo wa Rust wa jamii hiyo, unafuata njia iliyo salama: husafirisha mpango wa kazi, yaani soma faili hili, chuja hapa, jumlisha pale, na kila seva tayari ina msimbo wa hatua hizo. Ukikutana na uwezo ambao lugha mpya haina, rudi kwenye maafikiano uulize mtumiaji alikuwa anataka nini.

Siku ya kuhama

Kama ulihamisha itifaki au msimbo, usizime kundi la zamani na kuwasha jipya. Ingiza seva moja mpya katikati ya za zamani, kwanza ikiwa msikilizaji asiye na kura, ikinakili daftari tu. Kila usiku linganisha daftari lake na la wenzake, baiti kwa baiti. Wiki kadhaa zikipita bila tofauti, ipe kura lakini usiiruhusu kuwa kiongozi, kwa sababu mfuasi mwenye kasoro mara nyingi hujidhuru mwenyewe ilhali kiongozi mwenye kasoro huwaandikia wote. Kisha badilisha seva moja moja. Katika kundi la tano, simama zinapofika mbili mpya: zikianguka zote mbili kwa kosa moja la lugha, tatu za zamani bado ni wengi na kazi inaendelea. Hapo ndipo mahali pa kukaa muda mrefu, mpite mwisho wa mwezi, mpite siku ya mishahara. Ya tatu inapoingia, wingi umehamia upande mpya, na kurudi nyuma kunakuwa kazi ngumu.

Msimbo wa zamani uendelee kujengwa na kujaribiwa kila siku mpaka hapo, hata kama hakuna anayeugusa. Na lile faili la ushahidi, lenye Rehema na Asha na Côte d'Ivoire na majina ya hati ya Kiarabu, lianze kuandikwa leo, wakati mfumo wa zamani bado unapumua na unaweza kuulizwa.